Mjumbe Hauawi? Tujifunze kwa Askofu Mkuu Michael Courtney, Balozi wa Papa Burundi

 

Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Maana yake ni rahisi: ujumbe unaweza kukuudhi, unaweza hata kukuchoma moyo, lakini aliyetumwa unamwacha arudi kwao salama. Ukimuua, kesho nani atakubali kutumwa? Na kama hakuna wa kutumwa, vita itaishaje?

Sasa basi, Jumatatu ya tarehe 29 Desemba 2003, katikati ya Oktava ya Noeli, mjumbe mmoja aliuawa hapa jirani yetu. Gari lake lilimiminiwa risasi mahali panapoitwa Minago, kusini mwa Bujumbura, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mjumbe huyo ni Askofu Mkuu Michael Courtney, mzaliwa wa Ireland, Balozi wa Papa nchini Burundi. Alikuwa na umri wa miaka 58. Wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaanza darasa la kwanza.

Leo nataka tumfahamu. Na tukimfahamu, tujibu swali ambalo vijana wengi huniuliza, tena wengine kwa kejeli kidogo: hivi padre anayeishi ubalozini, anayepanda gari lenye namba za kibalozi na kuhudhuria dhifa za marais, huyo naye ni mchungaji kweli?

Kwanza tuelewane: Balozi wa Papa ni nani?

Tukisikia "balozi", tunafikiria viza na suti. Lakini Balozi wa Papa, ambaye huitwa pia Nunsio, ana sura mbili.

Sura ya kwanza inatazama ndani ya Kanisa. Kanuni ya 364 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba kazi yake kuu ni kuimarisha umoja kati ya Kiti cha Kitume na Makanisa mahalia. Ndiye anayemweleza Papa hali ya majimbo. Ndiye anayekusanya maoni kuhusu mapadre wanaofaa kuwa maaskofu na kuyapeleka Roma. Kwa hiyo ukiona jimbo lenu limepata askofu mpya, jua kuna kazi ndefu ya kimyakimya iliyopita katika ofisi ya Balozi.

Sura ya pili inatazama serikali na jamii. Kanuni hiyohiyo inamtaka Balozi ahangaikie amani, maendeleo na ushirikiano wa mataifa. Yaani kutafuta amani ni sehemu ya majukumu yake yaliyoandikwa. Hafanyi hivyo kwa kuwa amependa siasa.

Jambo jingine la kujua: kwa kawaida Balozi huwa askofu mkuu, na kila askofu hupewa jina la jimbo. Kwa kuwa Balozi hana jimbo analoliongoza, hupewa jimbo la heshima, yaani jimbo la kale ambalo leo halina tena askofu wake. Courtney alipewa Eanach Dúin, jimbo la kale la kwao Ireland lililokuwa kando ya ziwa liitwalo Lough Corrib. Kwenye karatasi, askofu wa namna hii hana hata muumini mmoja jimboni kwake. Likumbuke hili, tutalirudia.

Kijana wa Nenagh

Michael Aidan Courtney alizaliwa tarehe 5 Februari 1945 katika mji wa Nenagh, mkoa wa Tipperary. Karibu na mji huo kuna ziwa lingine kubwa, Lough Derg, na yeye alipenda sana kusafiri humo kwa mashua ya tanga. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwezi Machi 1968, akiwa padre wa Jimbo la Clonfert. Alikuwa padre wa jimbo, kama hao wanaokuungamisha wewe parokiani kwenu.

Mwaka 1976 aliingia katika chuo cha Kanisa kule Roma kinachoandaa mapadre kwa utumishi wa kidiplomasia. Chuo hicho ni cha siku nyingi, kilianzishwa mwaka 1701. Huwezi kujiandikisha mwenyewe kama tunavyoomba vyuo vikuu. Askofu wako anakuruhusu, unajifunza sheria, historia na lugha, kisha unasubiri kutumwa. Na ukitumwa, huchagui.

Courtney alianza rasmi utumishi huo mwaka 1980. Hebu angalia alikopitia: Afrika Kusini, Senegal, India, Yugoslavia, Cuba na Misri. Afrika Kusini ya miaka ile ilikuwa bado ya makaburu. Yugoslavia ni nchi ambayo leo haipo tena, ilisambaratika kwa vita. Mwaka 1995 akapelekwa Strasbourg, Ufaransa, kuwakilisha Kiti Kitakatifu kwenye Baraza la Ulaya.

Hesabu sasa. Kuanzia 1980 hadi 2000 ni miaka 20 ya kufungasha mabegi. Kila ukizoea lugha, chakula na marafiki, inakuja barua: hama. Wanasema padre ni mtu wa wote na hana kwao. Kwa padre wa namna hii maneno hayo si mapambo ya homilia. Ni ratiba ya maisha.

Burundi aliyoikuta

Tarehe 18 Agosti 2000, Papa Yohane Paulo II alimteua kuwa Balozi wake Burundi. Siku kumi baadaye, tarehe 28 Agosti, Mkataba wa Amani wa Burundi ulitiwa saini pale Arusha. Tunaujua mkataba huu, ni wetu pia. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mazungumzo yale mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Mzee Nelson Mandela akaipokea kazi.

Lakini mkataba kusainiwa ni jambo moja, na risasi kunyamaza ni jambo jingine. Vita ya Burundi ilikuwa imelipuka mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Inakadiriwa watu wapatao 300,000 walikufa katika miaka ile ya vita. Mamia ya maelfu walikimbia, na wengi wao walivuka mpaka kuja Kigoma na Kagera. Kanisa nalo halikupona. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa mwezi Septemba 1996. Na vikundi vikubwa viwili vyenye silaha, CNDD-FDD na FNL, havikuwemo katika saini za Arusha. Vilibaki msituni.

Courtney aliwekwa wakfu kuwa askofu nyumbani kwao Nenagh tarehe 12 Novemba 2000, na aliyemwekea mikono ni Kardinali Francis Arinze wa Nigeria. Zingatia hapo: Mwafrika anamweka wakfu mtoto wa Ireland, kisha mtoto wa Ireland anatumwa Afrika. Hilo ndilo Kanisa Katoliki. Miaka mingi Ireland ilituletea wamisionari, na safari hii mkono wa Afrika ndio uliomtuma.

Alipofika Burundi alifanya kile ambacho watu wengi waliogopa kukifanya. Alizungumza na pande zote. Alisisitiza kwamba hata aliyeko msituni ni mtu wa kuongea naye. Jamani, msilichukulie hili kirahisi. Katika vita, anayeongea na upande wa pili huitwa msaliti na upande wa kwanza. Mpatanishi anasimama katikati, na katikati ndipo risasi za pande zote zinapopita.

Mwezi Novemba 2003, serikali na CNDD-FDD walisaini makubaliano makubwa ya kusitisha mapigano pale Dar es Salaam. Mwanga ulianza kuonekana. Kilichobaki nje kilikuwa kikundi cha FNL.

Barabara ya Minago

Mwisho wa mwaka huo, muda wa Courtney Burundi ulikuwa unaelekea ukingoni. Alikuwa amepangiwa kwenda Cuba, nchi aliyowahi kuitumikia huko nyuma. Mtu anayekaribia kuhama unamjua anavyokuwa: anafunga mafaili, anaaga, anaepuka safari zisizo za lazima. Hata angejifungia ofisini hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini kulikuwa na mazishi, na yeye alikwenda kuzika.

Ni wakati wa kurudi Bujumbura, kwa barabara ile yenye ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine, ndipo gari lake liliposhambuliwa pale Minago, kiasi cha kilometa hamsini hivi kutoka mjini. Alikimbizwa hospitali Bujumbura akiwa na majeraha ya risasi, na huko akafariki. Serikali iliwanyooshea kidole FNL. FNL wakakana.

Tarehe 29 Desemba ndiyo siku Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Tomaso Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeuawa siku hiyohiyo mwaka 1170. Kanisa halijamtangaza Courtney kuwa mtakatifu, na mimi sina mamlaka hayo. Nasema tu kwamba kalenda wakati mwingine inaongea.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Januari 2004, Siku ya Amani Duniani, Papa Yohane Paulo II alimtaja katika homilia yake, akamkumbuka kama mtu aliyekufa akitekeleza utume wa majadiliano na upatanisho. Mwili wake ulirudishwa Ireland, ukazikwa Dromineer, kando ya lile ziwa la Lough Derg alilolipenda.

Mimi na mazishi ambayo sikwenda

Hapa naomba nikiri jambo.

Nikiwa kwenye mwaka wangu wa uchungaji, katika parokia moja ya vijijini, alifariki mzee mmoja wa kigango cha mbali. Katekista alinipigia simu mapema: "Fratel, Baba Paroko yuko safarini, njoo wewe utuongozee sala za mazishi." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bodaboda wa kwanza alikataa, akasema ile njia ya mlimani haipitiki. Sikutafuta wa pili. Nilituma rambirambi kwa simu, nikaandika ujumbe mzuri sana, wenye maneno ya tumaini na ufufuko, kisha nikaendelea kuandaa semina ya vijana. Unajua mada ya semina? Huruma.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mjane wa yule mzee baada ya Misa. Hakunilaumu hata kidogo. Alinishika mkono akasema, "Tulikungoja, mwanangu. Tulichelewesha kidogo, tukajua yuko njiani."

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Naweza kukueleza Aristotle anasema nini kuhusu busara na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaongeza nini. Lakini maneno yale ya bibi bado sijapata jibu lake.

Ndiyo maana nilipokuja kusoma habari za Courtney, kilichonigusa zaidi si mazungumzo na viongozi. Ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kisingizio cha kweli. Wanadiplomasia ni mabingwa wa kutuma salamu za rambirambi kwa barua. Yeye angeweza kutuma barua yenye mhuri, na ingesomwa kwa heshima zote. Njia yangu ilikuwa na matope. Yake ilikuwa na vita. Mimi sikwenda, yeye alikwenda.

Na sasa tulirudie lile jimbo lisilo na muumini. Askofu ambaye kwenye karatasi hana kundi alikufa akitoka kufanya kazi ya mchungaji. Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Ubalozi haukumwondolea uchungaji. Ulimwongezea barabara za kupita.

Mambo matatu ya kubeba

*1. Aliyetumwa hachagui, lakini akifika anapapenda.* Courtney hakuiomba Burundi. Ila alipofika, misiba ya Warundi ikawa misiba yake. Wewe umepangiwa shule usiyoitaka, kazi ya mbali, au jumuiya ndogondogo yenye watu wagumu? Acha kuishi kama abiria anayesubiri basi. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho kwamba sisi ni mabalozi wa Kristo. Hakuwaambia maaskofu peke yao. Ubatizo wako ndiyo hati yako ya utambulisho.

*2. Amani inatafutwa kwa kuongea na mtu usiyempenda.* Kuna vijana wa kwaya moja hawasalimiani miezi sita kwa sababu ya sare. Kuna ndugu wa tumbo moja wamezuiana kwenye simu. Tunaombea amani ya dunia kila Jumapili, halafu tunapeana amani kwa kuruka benchi ili tusimguse fulani. Kuongea na mwenye kosa si kusema kosa lake ni sawa. Ni kukataa kosa liwe neno la mwisho.

*3. Kuna kazi ambayo utaipanda na mwingine ataivuna.* FNL walisaini makubaliano ya kusitisha mapigano na serikali tarehe 7 Septemba 2006, pale Dar es Salaam. Courtney alikuwa kaburini karibu miaka mitatu. Na nafasi yake haikubaki wazi: mwezi huohuo wa Januari 2004 Papa alimteua Padre mwingine mwanadiplomasia, Paul Richard Gallagher wa Uingereza, kuwa Balozi Burundi. Fikiria anayepokea barua ile, huku aliyemtangulia ndiyo kwanza amezikwa. Alikubali, akaenda. Leo ndiye Askofu Mkuu anayeshughulikia mahusiano ya Vatican na mataifa yote.

Sasa turudi kwa wahenga. Walisema mjumbe hauawi, na dunia nzima imekubali: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema mwanadiplomasia haguswi. Ila Courtney aliguswa, akauawa. Je, wahenga walikosea? Sidhani. Walikuwa wanatueleza inavyopaswa kuwa. Na tena, waliotaka kuukatisha ujumbe walipata gari na mwili wa mtu. Ujumbe wenyewe ulishapita. Ulifika Dar es Salaam mwaka 2006, na umefika kwako leo.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika kikundi)

1. Ni mtu gani nimekuwa nikimtumia meseji wakati alihitaji nimwendee?
2. Ni nani ambaye nimeshaamua kwamba haongeleki? Hatua ndogo ya kwanza kwake ni ipi?
3. Mahali nilipo sasa, ambapo huenda sikupachagua, nimekubali kutumwa au nahesabu siku tu?

Kazi ya wiki hii

Chagua moja tu. Nenda msibani au kwa mgonjwa, kwa miguu yako, bila kupiga picha ya kurusha mtandaoni. Au umtafute yule mmoja msiyesalimiana, umwambie tu habari za siku nyingi. Mengine Mungu ataongeza.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyetumwa na Baba ukaja mwenyewe, hukutuma salamu tu. Umpokee mtumishi wako Michael Courtney, na wote waliokufa katika vita ya Burundi, waliojulikana na wasiojulikana. Uwaponye waliobaki na majeraha, nao walioshika bunduki uwajalie toba. Nasi vijana utupe miguu ya kwenda tunakongojewa. Maria, Malkia wa Amani, utuombee. Amina.